Turubai la Tinga

Tinga wa Mwarandu alikuwa amevunja meno mengi Mtopanga kuliko miwa, na usilisikie hilo kama tusi. Ni sifa zake, na angekuwapo angekuongezea. Alikuwa baunsa wa baa moja yenye mlango wa bati, nyuma ya kituo cha magari, na kazi yake ilikuwa moja: mlevi akileta ujuba, ashikwe ukosi na mkanda, atolewe nje, atupwe mtaroni. Watu wengine wakipigana hutapanya mikono kama wafuao nguo. Tinga alitumia mmoja tu, wa kulia. Ukikupata, ulikuwa ukiinuka unawauliza watu jina lako.

Mkono huo ulianza kazi mapema. Kwao Kaloleni baba alimchapa kwa mwiko wa sima, mwalimu alimchapa kwa mpira wa maji, naye Tinga akawapiga wenzake ngumi ili pasibaki mtu asiyepata fungu lake. Darasa la sita akahitimu, yaani alimzaba mwalimu kofi akatoka mbio. Akashuka Mombasa, akabeba magunia Kipevu mpaka siku aliyompiga mnyapara. Akaenda Bamburi kuvunja mawe, akakuta mawe hayana ubishi, akachoka nayo. Ndipo baa ikamwona, naye akaiona baa, wakapendana. Ninyi wapwa zangu mnazunguka na vyeti kwenye bahasha mpaka bahasha zinachakaa. Tinga kazi aliipata kwa kumwangusha mtu aliyekuwa akiifanya.

Sasa huyu Katana. Katana hakuwa mlevi wa hivi hivi. Alikuwa msena wa Tinga, ndivyo wasemavyo kwao, rafiki wa kufa na kuzikana. Walipokuwa wadogo walipelekwa wawili kulinda mahindi. Walilala juu ya dungu, kile kichanja cha miti na makuti ambacho mlinzi hukaa kuwafukuza nyani na nguruwe. Wakichoma mahindi mabichi, wakinong'onezana uongo, wakilala migongo ikigusana kwa baridi. Ukubwani Katana akawa fundi wa kuchomelea mageti hapo Mtopanga, na Tinga akawa geti lenyewe.

Jumamosi moja Katana akaingia baa na shemeji yake, ndugu wa mkewe, mgeni kutoka Likoni. Kileo kikampanda, naye akapanda meza. Tinga akamwambia ashuke. Akamwambia tena, taratibu, ashuke, msena. Katana akawatangazia watu kwamba baunsa ni mbwa wa mtu, hufungwa mlangoni akatupiwa mifupa. Baa nzima ikacheka. Mkono wa kulia haukungoja ruhusa. Katana akatoka mlangoni hewani, akaufikia ukingo wa mtaro kwa shavu, na mfupa wa shavu ukalia kama kuni kavu. Shemeji akaona yote, na tabasamu la kicheko bado liko mdomoni mwake. Na kwetu kupigwa si neno. Kupigwa mbele ya shemeji, hilo ndilo lisilomezeka.

Katana aliporudi, alirudi na panga. Ilikuwa mchana, jua la utosini, na Tinga alikuwa amesimama kwa mama muuza mihogo ya kukaanga, akibishana juu ya pilipili. Katana alikuja kwa nyuma bila neno, ila kivuli chake kilimtangulia kwenye ukuta. Tinga akageuka na kuinua mkono kukinga kichwa. Panga likaingia kigasha, likagota mfupani, likakwama. Wakabaki hivyo, mmoja anavuta, mwingine anavutwa, kama watu wanaogombania mkungu wa ndizi, na damu inamwagika ndani ya karai la mafuta ya moto mpaka mafuta yakaruka yakawaunguza wote wawili. Panga lilipochomoka, Katana aliuangalia ule mkono uliofunguka kama samaki wa kupasuliwa, akalitupa panga chini, akakimbia kuelekea Bamburi. Mama wa mihogo akazima jiko. Kazi ya siku ilikuwa imeharibika.

Daktari aliyemshona alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimweleza Tinga kwamba kano zilikuwa zimekatika na amezishika kwa uzi, lakini ni kama kuunga kamba iliyooza. Kisha akamwambia jambo ambalo Tinga alilibeba kichwani tangu siku hiyo: "Mkono huu ukipiga kitu kabla haujapona, hata mto wa kulalia, kano zitaachana. Na zikiachana mara ya pili, hakuna wa kuziunga. Utabaki nao kama pambo."

Tinga alicheka. Daktari hakucheka. Hapo ndipo alipoingiwa na baridi, kwa sababu baunsa asiye na mkono ni nini? Ni mtu mrefu aliyezuia njia. Kila alichokuwa nacho duniani, kazi, jina, heshima ya watu kumpisha kwenye kichochoro, kilikuwa kimening'inia kwenye uzi wa yule binti.

Ndugu yake mdogo, Kaviha, alifika hospitalini na wenzake wa Kipevu. Kaviha hufunga makontena kwa vyuma huko bandarini, na hana lugha nyingine: akifurahi huvunja kitu, akihuzunika huvunja kikubwa zaidi. Akapiga ukuta wa wodi mpaka chokaa ikaanguka, akaapa kwamba kaka yake akifa leo, Katana hatoiona kesho. Tinga akamwambia asimguse. Si kwa huruma, usidanganyike. Alimtaka mwenyewe. Alikuwa ameshapanga: mkono ukipona, shavu la pili.

Dada yao Gladys akamchukua kwake, hapo hapo Mtopanga. Gladys hufua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, hutoka alfajiri akarudi jioni. Barazani kwake bintiye Faith ana saluni: kiti, kioo, na televisheni ndogo ukutani. Tinga akawekwa humo. Na nikwambie kitu ambacho hukufundishwa: Kisauni kwetu huku hakuna pahali penye usalama kwa mtu anayewindwa kuliko saluni ya wanawake. Vijana wa panga huingia dukani, huingia harusini, lakini hujamwona aliyekanyaga pahali ambapo mamake huenda yuko ndani anasukwa.

Ndipo Tinga alipoziona zile katuni.

Faith alikuwa mpenzi wa katuni za Kijapani, na wakati huo alikuwa na moja aliyokuwa akiirudia rudia. Ni wasichana wa shule, marafiki. Wanabeba mahema, wanakwenda milimani kwenye baridi kali. Wanapiga hema, wanawasha jiko dogo, wanapika tambi, wanashika vikombe kwa mikono miwili, wanautazama mlima mweupe, wanasema ni mzuri. Kisha wanalala. Basi. Maneno ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Faith akawa anawafasiria wateja huku vidole vyake havitulii kichwani mwa mtu.

Tinga aliitazama kwa jicho la kazi. Akaona hema limepigwa vibaya, kichaka kiko nyuma, hakuna anayelinda. Akaona yule mwenye nywele ndefu ameacha kisu cha kukatia vitunguu mbali na mkono wake. Akamwambia Faith kwamba hawa watoto wameshakufa, na akanyoosha shingo angoje waovu watoke. Hawakutoka. Wasichana wakapiga mswaki, wakalala.

Siku ya pili akatokea mzee gizani na tochi, anakuja moja kwa moja kwa msichana aliyekaa peke yake. Tinga akainuka kitini na bandeji yake, akaisukuma meza ya mafuta, na Mwanasaumu, mteja aliyekuwa nusu kichwa amesukwa na nusu kichwa amechanuka, akapiga ukelele kwa sababu kitana kilimwingia sikioni.

"Anataka nini huyu mzee?" Tinga akauliza.

"Hataki kitu, Mjomba," Faith akasema. "Amewaletea kuni."

"Kuni za nini?"

"Za kuota moto."

"Na halafu?"

"Halafu ameenda zake."

Tinga akakaa chini amekasirika, kama mtu aliyeuziwa gunia la hewa. Mwanasaumu akamwambia, baba, wallahi, ukiinuka tena nitatoka hapa na mistari ya nywele inayokwenda Malindi.

Lakini akaangalia. Kesho yake akaangalia tena. Na pole pole akaligundua lililokuwa likimvuta, nalo halikuwa mlima wala tambi. Ilikuwa migongo. Wale wasichana walikaa wamelizunguka jiko, nyuso motoni, migongo yao wameipa giza. Tinga hakuwahi kuupa mlango mgongo tangu siku aliyoshuka Mombasa. Hula ameegemea ukuta. Kanisani hukaa benchi la mwisho. Hata kwa mwanamke hulala upande wa mlango. Na hapa kuna watoto wanaupa msitu mzima mgongo, na msitu unawaachia. Akajikuta anayashusha mabega. Akajikuta mkono hauumi. Stima ikikatika alinuna mpaka irudi, na wateja wakajua kwamba baunsa wa watu ana ugonjwa wa katuni.

Siku moja wasichana wakachoma kitu kwenye kijiti, wakagawana, wakaungua ulimi. Tinga akamwambia Faith asimamishe. Picha ikasimama, ule mdomo wazi, ule mvuke. Akakumbuka mahindi ya dungu, na yule aliyekuwa akimvunjia nusu. Alipoulizwa ana nini alisema moshi, na saluni haikuwa na moshi.

Baadaye akamwambia Faith kwamba naye anataka. Mara moja tu. Kulala nje, moto, sufuria, bila panga. Faith akacheka, akamwambia ukilala nje Mtopanga utaamkia wodi ile ile. Akasema basi uwanjani, mbele ya nyumba, ndani ya ua wa mabati.

"Utakaa na nani?" Faith akamuuliza. "Wale wanakaa na marafiki."

Hilo lilikuwa pigo, na Tinga alijua mapigo. Akawapitisha watu kichwani mmoja mmoja. Kila aliyemjua, ama alikuwa amempiga, ama walikuwa wamempiga mtu pamoja. Akafika mwisho wa mtaa na jina moja tu mkononi, na jina lenyewe ndilo lililomkata. Akasema, "Wewe nitafutie hema kwanza. Huyo wa kumwita nitakwambia likishasimama. Na uniwekee maneno haya: nikipona, simfuati." Faith akadhani ni dawa zinamsemesha.

Mahema ya wale wasichana hapa hayako. Kilichoko ni turubai, na turubai huwa kwa mzee Sharif, ambaye hukodisha turubai, viti na sufuria kubwa mtaa mzima, na babake alikuwa akikodisha kabla yake. Asubuhi hiyo Faith alikuwa amejifumua nywele ili asukwe upya, akatoka hivyo hivyo, kichwa kimetawanyika, leso kiunoni, macho mekundu kwa kukesha na katuni. Akamwamkia mzee, shikamoo. Mzee akajibu marahaba, akamtazama nywele. Akakumbuka ni mpwa wa nani, na kwamba huyo mjomba alikatwa. Sharif ni mtu wa nyumba ya adabu, na watu wa adabu hawamhoji mfiwa. Faith aliposema anahitaji turubai, mzee aliinamisha kichwa, akanong'ona dua yake, akaita mkokoteni. Akaongeza viti ambavyo hakuombwa. Akaongeza sufuria ya pilau ya watu mia. Akakataa kulipwa, akasema hayo si maneno ya leo. Faith akarudi akimsifu mzee Sharif njia nzima, kwamba wazee wa namna hiyo wameisha.

Wasukuma mkokoteni wakalisimamisha turubai, wakapanga viti, wakawasha moto wa kuni kwenye mafiga, wakatoka kimya kimya bila kupiga soga, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili. Lakini Faith alikuwa msusi na Tinga alikuwa amelewa furaha. Aliingia ndani ya turubai kama bwana harusi. Akatandika mkeka. Akameza dawa zake za maumivu, zile ambazo zikimshika hulala kama gogo, na kwa kuwa nzi walikuwa wakiifuata bandeji, akajifunika shuka jeupe la hoteli ya Gladys tangu kichwani. Shuka halikumtosha. Miguu ikabaki nje. Faith akaliteremsha pazia la turubai, akachukua kikapu, akaenda sokoni Kongowea kutafuta tambi.

Sasa wewe mpwa wangu unayejiona mjanja, niambie. Turubai limesimama mbele ya nyumba. Viti vimepangwa. Moto unawaka chini ya sufuria kubwa. Muziki hakuna. Kama ni harusi, ngoma ingekuwa imeshakutoboa masikio tangu barabarani. Kwetu sisi kulala nje na marafiki kuko, tena tumekuanza kabla ya hao Wajapani: tunatandika mikeka, tunaota moto, tunakunywa chai ya tangawizi mpaka kuche. Lakini mpaka mtu afe.

Jirani wa kwanza akachungulia pazia, akaona shuka jeupe na miguu ya Tinga, ambayo mtaa mzima uliijua kwa ukubwa. Hakulifunua shuka. Nani angelifunua? Akaweka mikono kichwani akalia. Wa pili akalia kwa sababu ya wa kwanza. Muda si muda uwanja ukajaa kanga, na habari ikapigwa simu hadi Kipevu, ikamkuta Kaviha ameshika chuma.

Ikamfikia na Katana. Siku zote hizo alikuwa amejificha kwenye timbo la zamani la kuchimbia mawe huko Bamburi, akilala juu ya mawe, yeye peke yake, mgongo wake ameupa ukuta wa jiwe. Kijana aliyekuwa akimpelekea chakula alimwambia kwamba mtu wako amekufa, turubai limesimama, kimbia hata Lungalunga mpakani. Katana hakukimbia. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea mpaka Mtopanga na shavu lake lililobonyea. Akapita katikati ya wanawake, akaketi chini kwenye mchanga, mbele ya pazia. Hakuingia. Akasema polepole kwamba ni yeye.

Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa. Kisha jirani wa kwanza akampiga kwa mwiko wa sufuria.

Kaviha na wenzake walikuwa wameshapita kwenye kibanda cha Katana. Walikuwa wamevunja mashine yake ya kuchomelea, wamelitia moto paa la makuti, na moto ule uliwapa hamu ya zaidi. Waliingia ua wa Gladys kwa kuliangusha geti, geti ambalo Katana mwenyewe alilichomelea. Walipomwona pale chini hawakuamini bahati yao. Hawakuuliza kitu. Chuma cha kufungia kontena kina urefu wa mtu, kizito, na wao hukishika kila siku. Cha kwanza kilimpata Katana begani, mkono ukaning'inia. Cha pili ubavuni. Mwingine akamkanyaga vidole, akavizungusha chini ya kiatu kama anayezima sigara. Sikio likachanika, damu ikamjaa shingoni, mchanga ukamjaa mdomoni. Wanawake waliokuwa wakimpiga wakarudi nyuma, maana sasa haikuwa hasira tena, ilikuwa kazi. Na Katana hakuinua mkono hata mara moja kujikinga. Hilo ndilo lililowatia wazimu zaidi.

Ndani ya turubai Tinga alikuwa ndotoni, juu ya dungu, na wasichana wa katuni wamemzunguka wanalia, naye hajui wanalia nini. Kilio hakikumwamsha. Kilichomwamsha ni chuma kikikutana na mbavu. Sauti hiyo aliijua kama mpishi ajuavyo mafuta yaliyochemka. Akafungua macho, akaona weupe. Akajiinua na shuka lake, akasogeza pazia.

Alimwona Katana kwanza. Kisha mgongo wa Kaviha, aliyekuwa amekiacha chuma akashika panga, nalo limeinuka.

Wa kwanza kumwona Tinga alikuwa yule jirani mwenye mwiko. Hakupiga kelele, aliupanda tu ua wa mabati kwa urefu ambao hajawahi kuupanda tena. Wengine wakageuka. Uwanja ukapasuka. Sufuria ikapinduka, maji ya moto yakamwagikia mafiga yakafoka mvuke, na wale mabaradhuli wa Kipevu waliokuja kumlipia marehemu kisasi wakamkimbia marehemu, vyuma vikilia nyuma yao. Alibaki Kaviha peke yake. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa shingoni mwa Katana, na masikio yake yalikuwa yamejaa damu yake mwenyewe.

Tinga akamwita kwa jina.

Kaviha akaisikia sauti ya kaka yake ikitoka kwenye matanga, na mwili wake wote ukasimama nywele, lakini hakuogopa. Alidhani ameitwa aharakishe. Akajibu bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya mtoto anayetumwa:

"Nakuletea, kaka. Namleta sasa hivi."

Panga likaanza kushuka.

Mtu akikuhadithia kwamba Tinga hakuwa na muda wa kufikiri, mwambie hakuwapo. Muda ulikuwepo, mdogo lakini uliwatosha wote: yule binti daktari na sauti yake ya chini, mlango wa bati wa baa, watu wanaompisha kichochoroni, na mahindi yaliyovunjwa nusu. Mkono wa kushoto ulikuwa umenaswa na shuka. Akautupa wa kulia.

Ulimpata Kaviha chini ya sikio. Panga likachepuka likazama kwenye mchanga, kando ya paja la Katana. Kaviha akazunguka mara moja, akavipitia viti vya mzee Sharif, akalala juu yavyo, kimoja kimevunjika pamoja na taya lake. Na ndani ya bandeji Tinga akazisikia kano zikiachana, moja, na nyingine, kama mshipi unaokatika samaki ameshafika juu ya maji. Vidole vikafunguka vyenyewe. Akaviamrisha vifunge. Havikumsikia.

Akapiga magoti, damu inaloanisha shuka.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akamuuliza Katana.

Katana alitema mchanga na jino. "Kulala matanga."

"Matanga ya nani?"

"Yako, msena."

Tinga akautazama ule uso alioubonyeza yeye mwenyewe. "Mjinga wewe," akasema, kisha akaegemea pale pale, mgongo kwa mgongo, kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa bila mwenzake.

Hivyo ndivyo Gladys alivyowakuta. Alikuwa ameambiwa njiani, amelia tangu Bamburi mpaka sauti imekwisha. Alipomwona nduguye anapumua alivua ndara akampiga nayo kichwani, akampiga Katana, akaenda akampiga na Kaviha aliyekuwa hajitambui. Faith akaingia nyuma yake na tambi.

Binti daktari aliifungua bandeji, akaifunga, akatikisa kichwa. Mkono ule ungalipo mpaka leo, umekunjika kidogo, baridi kama wa mtu mwingine. Baa ikapata baunsa mpya, kijana wa kunyanyua vyuma, ambaye hajui hata kumtupa mtu mtaroni vizuri, huwaangusha nje ya mstari. Katika vichochoro watu wakaacha kumpisha Tinga. Wa kwanza kutompisha alimgonga bega makusudi, akangoja. Tinga akampisha yeye. Usiku huo, wasema wa nyumbani, hakula.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake baada ya ghasia, walipotoka hospitalini, turubai lilikuwa lingali limesimama. Faith alikuwa amekwenda kwa mzee Sharif kumweleza yote, kichwa kimefungwa sawasawa safari hii, ili aje achukue vitu vyake na deni la kiti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaguna. Akasema turubai lake halijawahi kurudi kabla ya siku ya kuvunja matanga, tangu enzi ya babake, na hataanza kwa sababu maiti ameamka. Wamalizie siku zao.

Basi wakakaa. Tinga na mkono wake kwenye kitambaa. Katana kichwa kizima kimefungwa, mbavu zimebanwa, anapumua kwa kuiba. Kaviha taya limefungwa waya, hawezi kusema, anawaangalia wote wawili kwa macho ya kuahidi. Hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa mdomo. Gladys alikuwa ameondoa visu vyote, hata kile cha kukatia vitunguu. Faith akaileta televisheni kwa waya mrefu, akaiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa, akapika zile tambi, akawagawia. Kaviha alizinyonya kwa mrija.

Wasichana wakafika mlimani. Wakapiga hema. Mmoja akakaa peke yake, kichaka kiko nyuma yake, giza linaingia.

Katana aliacha kutafuna. Akakitazama kile kichaka kwa jicho lake moja lililo wazi, akasogeza kiti kiegemee nguzo.

"Hawa," akasema, "waovu wa kuwavamia watatokea wapi?"

Kaviha naye akanyoosha kidole kichakani, akaguna ndani ya waya zake.

"Tulieni," Tinga akawaambia, na kikombe akakiinua kwa mkono wa kushoto. "Tazameni migongo."